Gari Linalala Wapi?

Jina langu ni Zuhura, kwetu Masasi, na zaidi ya nusu ya umri wangu nimeuza pedi Kariakoo. Pedi za breki za magari. Inabidi nimalizie hivyo kila mara, kwa sababu mwanamke akisema anauza pedi watu wanaelewa kitu kingine, na mimi mtaa mzima waliniita Mama Pedi, wengine kwa heshima na wengine kwa kuficha kicheko.

Siku zangu za mwanzo dukani alikuja binti wa shule, akasubiri wanaume wote waondoke kaunta, kisha akaninong'oneza kwamba anataka pedi. Nikamuuliza, za mbele au za nyuma? Yule mtoto alinitolea macho, akakumbatia begi lake akatoka bila kuaga. Tajiri wangu, aliyekuwa kwenye stuli yake anakunywa chai ya rangi, alicheka mpaka chai ikampalia. Alipopata pumzi akanituma nikanunue na hizo nyingine niziweke kwenye droo, na tangu hapo duka letu likauza pedi za aina zote mbili, moja kwa sauti na nyingine kwa kunong'ona.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kijana mmoja jirani yangu hapa Magomeni. Ana gari la spoti la Kijapani, la milango miwili, amelishusha chini kiasi kwamba nikiwa barazani naliona paa tu likipita. Siku za kazi anakwenda nalo ofisini, mwisho wa wiki anashindana nalo na wenzake. Juzi alinipa shikamoo, akanionyesha kwenye simu picha za pedi za rangi rangi, akaniomba nimchagulie moja itakayofaa kote, barabarani na kwenye mashindano. Nikamwambia akae. Na ninyi wengine mnaoulizana mambo hayo hayo kwenye magrupu yenu, kaeni pia, maana jibu langu ni refu na sijui kulifupisha.

Duka lilikuwa la Mchaga mmoja wa Marangu. Tulimwita Mangi, kama wanavyoitwa nusu ya wenye maduka mji huu, na mpaka leo nikisikia mtu anaita "Mangi" dukani kwa mwingine nageuka. Alikuwa na mkono wa birika kweli kweli. Hata kamba iliyofungia mzigo hakuitupa, aliiviringa akaitia mfukoni. Lakini kwenye kufundisha hakuwa mchoyo hata kidogo. Niliingia pale kufagia na kupanga maboksi, nikatoka najua kazi, na nasema waziwazi kwamba ukimwondoa mama yangu mzazi hakuna mtu aliyenifaa duniani kama yule mzee.

Zamani hatukuwa na mambo ya picha. Mteja alikuja na sampo, yaani ile pedi kuukuu aliyoivua kwenye gari, kaifunga kwenye gazeti. Ukimwona mtu anakatiza Kariakoo na gazeti lenye weusi wa vumbi la breki, ulijua huyo ni wetu. Tuliichukua ile kuukuu tukaiegemeza mgongo kwa mgongo na mpya, tukatazama masikio yake, upana wake, na mahali pa waya. Zikilingana, tulisema neno moja: inakaa. Kariakoo nzima iliendeshwa na neno hilo, na naona bado linaendesha. Inakaa? Inakaa. Nifungie. Mteja kafurahi, muuzaji kafurahi, biashara imekwisha.

Kwa Mangi hapo ndipo biashara ilipoanza. Sampo aliisoma. Aliigeuza kwenye mwanga, akaipitishia kidole, kisha akainusa, mbele ya mteja, bila aibu. Pedi iliyochakaa kwa amani hainuki kitu ila vumbi. Iliyoungua ina harufu chungu inayokwenda moja kwa moja puani, na haitoki hata ukae nayo wiki. Uso wake ukiwa unang'aa kama kioo, dereva analalia breki njia nzima badala ya kukanyaga na kuachia. Ikiwa imelika upande mmoja, usiilaumu pedi, kalipa inayoibana ndiyo imekwama, safisha pini zake na uzipake grisi. Kingo zikiwa zinamomonyoka, hiyo imepewa kazi isiyo yake. Sasa ninyi mnanitumia picha WhatsApp. Picha nainusaje?

Sampo ikishasomwa na mpya ikishapatikana, Mangi aliuliza swali lake, lile lile kwa kila mtu. "Gari linalala wapi?"

Hapo wateja walikunja uso. Fikirini, uko Kariakoo, mahali ambapo hata ukisalimiana na mtu mkono mmoja unabaki mfukoni, na mwenye duka la spea anataka kujua gari lako linalala wapi. Walikuwapo walioamini kwamba usiku vioo vyao vya pembeni vitang'olewa na kesho yake watauziwa wenyewe pale pale. Mmoja alijibu kwamba lake linalala polisi. Mwingine alibeba sampo yake akaondoka, tukamsikia nje anawaonya watu. Nilimwomba Mangi abadilishe maneno, aulize kwa mfano mteja anakaa mtaa gani, akakataa. Alisema mtaa wa mtu haumhusu.

Alikuwa na sababu zake. Mjini alifika akiwa tanboi, yaani utingo, wa lori, na kwenye mteremko mmoja wa njia ya Iringa breki ziliwachemkia. Dereva alikanyaga, kanyagio likaenda mpaka chini, na lori lilikuja kusimama kwa kupanda tuta la udongo, viazi vikatawanyika barabarani na kijiji kizima kikaja kusaidia kuviokota, kila mtu na kikapu chake mwenyewe. Hakuna aliyeumia. Lakini Mangi alitoka pale na somo alilonirudia mpaka nikalichoka, kwamba pedi ni mambo ya moto. Kila pedi imetengenezewa joto lake. Ya barabarani inashika hata ikiwa ya baridi, mguu wa kwanza wa asubuhi, ila ukiipa joto jingi mfululizo inakata tamaa, ndivyo ilivyokuwa kwa lile lori. Ya mashindano ni kinyume chake. Ikishachemka inashika mpaka mkanda unakubana kifua, lakini ikiwa ya baridi bado iko usingizini.

Kwa hiyo alipouliza gari linalala wapi, alikuwa anauliza breki yako ya kwanza ya siku unaikanyagia wapi. Gari likilala Mchafukoge, kwenye tambarare, breki ya kwanza ni kwenye foleni, unatambaa tu. Likilala juu ya mteremko, breki ya kwanza ndiyo yenyewe, na pedi hujaipasha. Wateja wachache sana walibaki kusikiliza maelezo hayo, na waliobaki walikuwa wateja wetu mpaka uzee.

Nisikilizeni na hili la maji, kabla sijasahau. Gari likitoka kwenye mbio, au hata likitoka tu Chalinze kwa kasi, msilipeleke moja kwa moja kwa vijana wa kuosha. Diski ina moto, wao wanaipiga maji ya baridi, inapinda, halafu mnakuja dukani mnalalamika kwamba usukani unatetemeka kila mkikanyaga na kwamba tumewauzia pedi feki. Tulilaumiwa sana kwa makosa ya ndoo za maji. Feki nazo zilikuwapo, sikatai. Boksi zuri, muhuri mzuri, ndani kitu kinachochanika kwa ukucha. Mangi alinifundisha kuipima pedi kwa kuishika tu mkononi, maana feki nyingi ni nyepesi, na kuigonga kwenye kaunta, kwa kuwa iliyobandikwa vibaya inalia mlio wa kupasuka. Na vumbi la breki msilipulize kwa mdomo. Sisi tulilipuliza miaka yote, mafundi waliokuwa wakigongelea ribiti za brekishuu pale nje nao walilipuliza, na wengi wao walikohoa sana uzeeni.

Sasa nije kwa Upendo, maana bila yeye kijana wangu hapati jibu.

Upendo ni binti pekee wa Mangi. Alikulia chini ya kaunta yetu, akijenga nyumba kwa maboksi matupu, akiniita Anti. Alijua kunusa sampo kabla hajaanza shule. Mama yake alifariki angali mdogo, kwa hiyo nywele zake nimezisuka mimi, na siku alipohitaji ile pedi ya kunong'ona alikuja kwangu akanivuta gauni. Nilimpenda, na nampenda, kama wa tumbo langu.

Alipopata kazi ofisi moja pale Mchafukoge, akaagiza Japani gari jekundu la milango miwili. Wenzake waliagiza magari ya kubebea familia, yeye akaagiza lile. Mangi alilizunguka mara moja, akasema gari la mashindano halitalala chini ya ghorofa wanalokaa, na yeye mwenyewe hatalipanda hata likiwa la mwisho duniani. Alidhani binti ataliuza. Alisahau kwamba ukaidi wake amemrithisha mtu. Upendo akafunga virago, na mimi ndiye niliyemtafutia chumba hapa Magomeni, nyumba ya jirani yangu, yenye uwanja wa kutosha gari moja. Aliniomba nisimwambie baba yake alipo. Nilikubali kwa sharti kwamba asikose kwenda kumwona dukani.

Alikwenda kila wiki. Wakasalimiana, wakaulizana habari za Marangu, na gari halikutajwa kabisa. Huku pembeni watu walishaanza kusema kwamba binti wa Mangi anakaa kwa mwanamume. Mangi aliyasikia hayo, najua aliyasikia, na hakuuliza kitu. Ila chai yake sasa ilikuwa inapoa kikombeni, na mimi niliyejua ukweli nilikuwa naumia kumwangalia.

Mwisho wa wiki Upendo alikuwa akishindana na wenzake nje ya mji, kwenye uwanja wa zamani wa ndege ndogo waliokuwa wakiukodi. Pedi zake zilikuwa za kawaida za barabarani. Mizunguko ya kwanza zilishika, baada ya hapo kanyagio likaanza kuzama na gari likamnukia. Akazivua. Jumatatu akaja dukani amezifunga kwenye gazeti, kama zamani, akaziweka kaunta mbele ya baba yake.

Mangi alizigeuza, akazinusa. Kingo zimemomonyoka, uso umepasuka vipande vipande. Akasema bila kuinua kichwa kwamba huyu dereva anachelewa kukanyaga, lakini anakanyaga sawa, maana zimelika sawasawa pande zote. Kwa Mangi hiyo ilikuwa sifa kubwa. Upendo akaitambua, nikamwona anazuia tabasamu.

Ndipo akatoa kwenye begi boksi. Pedi za mashindano, zenyewe, aliletewa na rafiki yake kutoka nje ya nchi. Akaziegemeza mwenyewe mgongo kwa mgongo na zile zilizoungua, kwa mikono ya mtu aliyekulia kwenye kazi hiyo. "Inakaa, Baba," akasema.

Mangi alizipima mkononi, akazigonga kaunta, akasema ni nzuri. Halafu mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya maisha yake yote.

"Gari linalala wapi?"

Sura ya Upendo ilibadilika pale pale. Alimtazama baba yake kama anayepata jibu la jambo lililokuwa likimkera siku nyingi. Akasema polepole, "Kumbe ndilo ulilokuwa unasubiri kuniuliza," akakusanya boksi lake, akatoka.

Mangi alibaki ameshika ile pedi iliyoungua. Akaniuliza amesema nini kibaya. Nikamwambia, Mangi, mtoto amesikia unamuuliza yeye analala wapi. Nilimjua yule mzee. Maswali yote mawili yalikuwa mle mle, na hata yeye hakuwa anajua lipi lilitangulia.

Siku hiyo hakuuza kitu, mimi ndiye niliyehudumia wote. Jioni tukifunga duka mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mji umekuwa mweusi. Mangi alishikilia kufuli bila kulifunga.

"Zuhura," akaniambia, "sikuulizi anakaa kwa nani. Hilo ni lake. Niambie tu, hapo gari linapolala, kuna mteremko?"

Nilikuwa nimeahidi, na ahadi ni ahadi. Lakini aliloniuliza nalo lilikuwa la breki, na mambo ya breki yule mtu hakuwahi kunificha hata moja. Nikamwambia, "Upo. Akitoka tu, anaanza na mteremko wa Jangwani."

Alinitazama. Wanaoshuka Jangwani kuja mjini wanatoka Magomeni, na Magomeni mtu aliyemfahamu Upendo alikuwa mmoja. Akafunga kufuli, akaniaga.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Ninyi mnajua mvua ya hivyo inaifanyaje Jangwani. Kulipopambazuka nilisikia bajaji inasimama mbele ya nyumba, na nani anashuka kama si Mangi, kashika jeki, spana na boksi la pedi za kawaida, viatu vimejaa tope. Alikuwa amepanda bajaji bila kupatana bei. Mimi niliyemjua nilishtushwa na hilo kuliko mvua. Akaniambia maji yameshaanza kula barabara pale bondeni, magari yanapita moja moja, na foleni imepanda mpaka katikati ya mteremko. Kisha akauliza ni mlango upi.

Upendo alikuwa ndani ya gari, kaliwasha, anajiandaa kutoka. Baba yake akasimama mbele ya boneti. Upendo akashusha kioo, akasema shikamoo, na hata shikamoo yenyewe ilikuwa na hasira. Mangi aliitikia, akamwambia akimbize gari kidogo kwenye uchochoro, kisha asimame kabla ya mfereji. Upendo alisema zile za mashindano zimeshafungwa tangu jana, fundi amezipasha vizuri, na akirudi nyumbani zilimshika mpaka raha.

"Jana zilikuwa na moto," Mangi akamwambia. "Leo zimelala. Nenda."

Akaenda, nadhani kwa kutaka kumwaibisha. Aliongeza mwendo, si mwingi, mwendo wa mtu anayekwenda kazini, na mbele ya mfereji tukaona taa za nyuma zinawaka. Gari halikujali. Lilivuka mfereji, likaendelea, likaja kusimama limeielekea meza ya mama wa vitumbua. Yule mama alishajua la kufanya, alinyanyua ndoo yake ya unga uliokorogwa akapanda nao barazani bila kumwaga hata tone, na aliyoyasema akiwa huko juu siwezi kuyaandika hapa.

Upendo alishuka. Alinifuata mimi kwanza, si baba yake. "Nimekanyaga, Anti. Ni kama nimekanyaga ubao." Kisha akageuka kuutazama upande wa barabara kubwa. Honi za ile foleni zilisikika mpaka pale tulipo. Kule hakukuwa na uchochoro wala mfereji, ulikuwa mteremko umelowa na migongo ya magari ya watu.

Tulipogeuka Mangi alishapiga goti kwenye tope na suruali yake ya dukani, jeki iko chini ya gari. Nilitaka kumwita fundi, akanipungia mkono nimwache. Upendo akachuchumaa karibu yake, akawa anapokea nati moja moja anaziweka kwenye kiganja. Wakamaliza gurudumu la kwanza.

Kwenye la pili Upendo akasema, "Baba, jana nilidhani unaniuliza mimi nalala wapi."

"Wewe ni mtu mzima," Mangi akajibu. "Niliuliza gari."

Akaendelea kukaza. Alisukuma pistoni ya kalipa irudi ndani, akapachika pedi mpya, akaitikisa kuona imekaa. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Lakini na wewe. Unalala wapi?"

Upendo alicheka na kulia kwa pamoja, nati zikamdondoka zote topeni. "Hapa, Baba. Chumba cha mwisho kule. Karibu ndani."

Aliingia. Upendo akabandika chai. Mimi sikuingia, kwa kuwa chai ile haikuwa yangu, lakini mlango waliuacha wazi. Nilimwona amesimama katikati ya chumba anatazama kitanda cha mtu mmoja, jiko la mafuta, na picha ya marehemu mkewe ukutani. Akavua kofia, akaomba sukari iwe nyingi. Baadaye akajikunja akaingia kwenye kiti cha abiria cha lile gari alilolikana, magoti yakamgusa kidevu, wakaanza kushuka taratibu kuelekea Jangwani. Niliwasindikiza mpaka mwanzo wa mteremko. Taa zao za nyuma zilikuwa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, kukanyaga na kuachia, kama alivyotufundisha sote wawili. Nilisimama pale mpaka nikalowa.

Kwa hiyo mwanangu, jibu lako ni hili. Pedi moja ya kote kote inauzwa, na ukishindwa kabisa chagua ile ya katikati, inayoshika ikiwa ya baridi. Lakini huko kwenye mbio uiheshimu, mizunguko michache, kisha mzunguko mmoja wa polepole bila kugusa breki ili ipoe, halafu pumzika. Ukiweza, kuwa na seti mbili, kama Upendo alivyofanya baada ya siku ile. Za mashindano unazifunga huko huko uwanjani, na kabla ya kurudi mjini unazivua, hata ukiwa umechoka, hata wenzako wakikucheka. Kila seti iandike ya ndani na ya nje, kulia na kushoto, isirudi pasipo pake. Ukibadilisha safisha diski na uipashe upya, maana masalia ya ile yanaisumbua hii. Mafuta ya breki yabadilishe mara kwa mara, hewa ya Dar ina maji na mafuta yale yanayanywa. Na ukitoka kwenye mbio usivute hendibreki gari likiwa la moto, liwekee jiwe. Picha nzuri na rangi za pipi zisikudanganye. Mtu akikuambia inakaa, mwambie ahsante, umesikia, kisha jiulize lile swali.

Mangi hayupo tena. Aliugua muda mfupi tu, na kama ilivyo kwa watu wa kwao, ilikuwa lazima arudi Marangu. Alikuwa akipanda huko kila Disemba. Kabla ya kufunga duka kwa safari hiyo tulikuwa tunauza pedi mpaka rafu zinabaki tupu, kwa kuwa Wachaga wote walikuwa wanapanda kwao, na yeye mwenyewe alikuwa akimaliza kwa kufunga za gari alilosafiria mwisho kabisa. Safari hii haikuwa Disemba.

Upendo alikataa kupanda basi la msiba. Alisema atamsindikiza baba yake na gari lake. Asubuhi ya kuondoka alikuja kwangu, akaweka maboksi yote mawili barazani, akakaa katikati yake. Aliyatazama, akachukua lile la kawaida, akapiga jeki mwenyewe, akafunga moja baada ya nyingine huku machozi yanamtoka na mikono haikosei. Mama wa vitumbua alimletea vitumbua vya njiani, hakutaka hata kulipwa. Mimi magoti yangu hayaruhusu tena safari ya namna ile, nikabaki.

Siku ile nilishinda na simu mapajani. Niliwaza miteremko yote ya njia ile, malori, ng'ombe wanaokatiza. Nilitayarisha maneno ya kumwambia, pole za kila aina, nikayapanga vizuri. Jua lilipokuwa linazama simu ikaita, nikaona ni yeye, na maneno yangu yote yakanipotea. Lililotoka mdomoni lilikuwa lile la mzee.

"Upendo," nikasema, "gari linalala wapi?"

Nyuma yake nilisikia watu wanaimba.

"Kwa Baba, Anti," akasema. "Leo linalala kwa Baba."